Benevolenti Analala kwa Nani?

Mwalimu Yoakimu alifeli Kiingereza mara mbili, na mara zote mbili alirudi kijijini akisema kwamba maswali yalikuwa mepesi. Kilichokuwa kigumu, alieleza, ni majibu.

Alifundisha darasa la pili katika kijiji kimoja kilicho juu ya Endasak, pale ambapo mashamba ya mahindi huanza kuupanda mlima Hanang kisha yakachoka. Alivaa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kupalilia, na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haina wino. Darasa la pili halikumtosha. Alitaka kuingia chuo cha ushirika na kutoka huko akiwa Bwana Ushirika, mtu wa pikipiki na mkoba, anayesimama mbele ya wananchi na kusema "kwa mujibu wa" kabla ya kila jambo. Umri wa kuomba chuo ulikuwa na mwisho wake, naye alikuwa anaukaribia. Mtihani wa tatu ungekuwa wa mwisho. Baada ya hapo angebaki darasa la pili mpaka astaafu, akiimba "a, e, i, o, u" na watoto wa watoto aliokwisha kuwafundisha.

Hesabu haikumsumbua. Siasa aliijua kiasi kwamba msahihishaji mmoja alisemekana kuandika pembeni, "Inatosha, ndugu." Shida ilikuwa sehemu ya tatu. Hapo liliandikwa neno gumu la Kiingereza, na chini yake maneno mengine manne ya Kiingereza, nayo magumu, na mtahiniwa alitakiwa kuchagua lile linalofanana na la kwanza. Nchi nzima ilikuwa imeshatangaziwa kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na Yoakimu mwenyewe aliwafundisha watoto kwa Kiswahili tupu, kama alivyoelekezwa. Lakini mlango wa chuo ulikuwa na bawabu wa zamani, na huyo hakuwa amesikia tangazo.

Basi Yoakimu alijifungia na kamusi. Ilikuwa kamusi nene isiyo na jalada, aliyoachiwa na padre mmoja aliyehama. Asubuhi alikariri maneno kumi, jioni akabaki na mawili, na hayo mawili alikuwa akiyajua tangu zamani. Mama yake, Philomena, alimsikiliza akirudiarudia nje ya nyumba wakati yeye anakamua, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Wewe mtoto," alisema, bila kuacha kukamua, "ulipokuwa mdogo ulijua majina ya ng'ombe wote wa baba yako, na ya mama zao, na ya bibi zao waliokufa kabla hujazaliwa. Leo neno moja halikai kichwani tangu asubuhi hadi jioni?"

"Mama, hayo ni maneno ya kitaalamu."

"Basi maneno yako hayana miguu. Kitu kisicho na miguu kitakufuataje nyumbani?"

Philomena alikuwa anamtania. Mwanawe, kama walivyo wasomi wengi, hakujua mama yake anatania wakati gani. Kesho yake alianza kuyapa maneno miguu.

Mmoja wa ng'ombe wa kwanza alikuwa jike mwekundu aliyekubali kumnyonyesha ndama wa jirani aliyefiwa na mama yake. Kamusi ilisema kuna neno la mtu mwenye kutenda wema bila kudai kitu. Jike mwekundu akawa Benevolenti. Aliyegoma kuingia ndani jioni mpaka asukumwe na watu wawili akawa Obstineti, yaani mkaidi. Aliyelia mchana kutwa bila sababu akawa Garulasi, yaani mwenye maneno mengi. Ndama aliyependa kusimama peke yake kwenye mvua akapewa jina la Melankoli, kwa sababu hiyo ndiyo huzuni isiyojulikana imetoka wapi. Dume moja shupavu lilipewa jina la Intrepidi, asiyeogopa kitu, ingawa baadaye lilimkimbia mbwa mdogo mbele ya watu wengi na kumharibia mwalimu masomo ya wiki nzima.

Baba yake, mzee Akonaay, alipinga mwanzoni.

"Ng'ombe mwekundu anaitwa kwa wekundu wake. Hilo jina lina rangi gani?"

"Halina rangi, baba. Lina tabia."

"Tabia ya ng'ombe ni kula."

Hata hivyo mzee alipenda mlio wa majina hayo. Alisema yana mvumo mzuri wa kuita ng'ombe aliye mbali, na kabla ya mvua za vuli alikuwa anasimama juu ya kilima akiita "Obstineetiii!" mpaka mwangwi ukaitikia ng'ambo ya bonde.

Sasa ni lazima ieleweke jinsi mali inavyofugwa huku. Mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Wawili huwapeleka kwa jirani, mmoja kwa shemeji, watatu kwa rafiki wa ujana. Anayepewa kufuga hupata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake, na mwenye mali hubaki na ng'ombe pamoja na uzao wake. Maradhi yakiingia nyumba moja, hayamalizi ukoo. Na jicho la mtu, liwe la mwenye wivu au la serikali, haliwezi kukusanya mali ya mzee mahali pamoja na kuihesabu. Jioni ng'ombe huingizwa ndani, wakalala chini ya paa moja na watu, na ukipita ukauliza huyu ni wa nani, utajibiwa, "Analala hapa." Swali la pili halipo. Anayeuliza la pili hakulelewa vizuri.

Mzee Akonaay alikuwa na ng'ombe wengi. Wengi kiasi gani, hilo lilijulikana na yeye mwenyewe, na Philomena, na baada ya mwaka mmoja likajulikana pia na kamusi. Maana Yoakimu hakuwapa majina ng'ombe wa nyumbani tu; aliwazungukia pia wale waliolala kwa watu. Kila Jumamosi alipita nyumba hadi nyumba, akisimama mbele ya ng'ombe mmoja mmoja na kusogeza midomo. Wafugaji walidhani baba yake amemtuma kukagua. Mjane Natalia, aliyemfuga Garulasi, alificha kibuyu cha maziwa kila alipomwona. Tomaso, mwenyekiti wa tawi la chama pale kijijini, aliyemfuga Benevolenti na wenzake watatu, aliona bora aulize.

"Mwalimu, mbona unamkazia macho huyo ng'ombe kama unamposa?"

"Najisomea, Mwenyekiti."

"Kwenye ubavu wa ng'ombe?"

"Kila ng'ombe ni neno."

Tomaso aliguna. "Basi kwangu una maneno manne. Usije ukayabeba jioni."

Mbinu hiyo ilifanya kazi, na hilo haliwezi kukanushwa. Maneno hayakumtoka tena. Yaliingia hata kwa watu ambao hawakuyaomba. Wanawake waligombana kisimani wakaitana Garulasi. Mume mmoja aliyekataa kwenda kilabuni kununulia wenzake pombe aliitwa Frugali, jina la dume la mzee Akonaay lililokula kidogo, na jina hilo likamganda. Tatizo lilikuwa moja tu. Yoakimu alifuata kamusi kwa herufi, na ng'ombe waliisha alipofika O. Elimu yake ikaishia kwa Obstineti. Alimwomba baba yake anunue wengine wachache kwa ajili ya P mpaka Z. Mzee akamwambia kwamba mtu akikosa chuo kwa sababu ya Z, basi chuo hicho hakimfai.

Mwaka 1974 mambo mawili yalifika kijijini pamoja. La kwanza, tangazo la mtihani lilikuja na sharti jipya: mwombaji lazima aungwe mkono na tawi la chama la kwao, ithibitike kwamba yeye na nyumba yake ni wajamaa na si wanyonyaji. La pili, alikuja Ndugu Hilary.

Ndugu Hilary alikuwa afisa kijana kutoka wilayani, mwenyeji wa mikoa ya kusini, aliyeletwa kuwaandaa watu kuhamia kijiji cha kupangwa na kuanzisha zizi la pamoja. Wenye ng'ombe wengi wangechangia zizi hilo. Alikuwa mtu mwema, mwenye kofia, aliyeamini alichoambiwa. Aliwaomba wananchi wajiandikishe mifugo yao kwa hiari, nao wakajiandikisha kwa hiari. Kwa hesabu yao wenyewe, kijiji kizima kilikuwa na ng'ombe wachache kuliko mbwa. Mzee Akonaay aliandikisha watatu.

Hesabu hiyo ingepita salama, kama ilivyopita kwa kila afisa aliyetangulia, laiti Ndugu Hilary asingesoma seminari. Alikuwa anapita karibu na shamba la Natalia aliposikia mjane huyo akipiga kelele:

"Garulasi! Nyamaza! Tangu asubuhi unaongea, nani anakujibu?"

Ndugu Hilary alisimama.

"Mama, shikamoo. Huyo ng'ombe anaitwaje?"

"Marahaba. Anaitwa Garulasi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hafungi mdomo."

Hilary alicheka, akasifu, akaendelea na njia. Nyumba ya tatu alimsikia mzee mmoja akimsihi Melankoli aje kunywa maji. Mbele kidogo, vijana wawili walikuwa wanamvuta Obstineti kwa kamba. Alikuwa hacheki tena alipofika nyumbani kwa Mwenyekiti Tomaso, alikopangiwa kulala. Mke wa Tomaso alitoka nje na kuita, "Benevolenti! Toka kwenye mahindi, mwizi wewe!"

"Mwenyekiti," Hilary aliuliza polepole, "huyo ni wako?"

"Analala hapa, ndugu."

"Na jina hilo la Kiingereza?"

Tomaso alikohoa. "Jina alikuja nalo."

Mtu yeyote asiyejua Kiingereza angesikia majina ya ng'ombe tu. Hilary alisikia kamusi moja iliyotawanywa nyumba hadi nyumba. Wenyeji walikuwa wametumia vizazi vingi kuficha mali ya akina Akonaay kwa uungwana wao, na mwanawe msomi alikuwa amewapa ng'ombe wote alama ambayo afisa mmoja angeweza kuisoma akiwa anatembea. Swali lililobaki lilikuwa rahisi: ni nani hapa ana kamusi?

Mkutano uliitishwa katika chumba cha darasa la pili. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa ndevu. Yoakimu alikaa mbele, pasi ya suruali ikiwa kali kuliko siku zote, kwa sababu ajenda ya kwanza ilikuwa kumuunga mkono kwenda kwenye mtihani.

"Kabla ya hapo," alisema Ndugu Hilary, "mzee Akonaay, uliandikisha ng'ombe watatu."

"Watatu, ndugu."

"Garulasi ni wako?"

"Analala kwa Natalia."

"Sikuuliza anakolala, mzee. Nimeuliza ni wa nani."

Swali la pili lilikuwa limeulizwa, tena hadharani, tena na mtu mwenye shikamoo nzuri. Hilary hakujua alichokivunja. Alieleza kwa upole kwamba ikiwa ng'ombe wote wenye majina ya Kiingereza ni wa mzee mmoja, basi mzee huyo amedanganya, nyumba yake ni ya kikabaila, ng'ombe wataingia zizi la pamoja, na tawi haliwezi kumuunga mkono kijana wake. Ikiwa si wake, aeleze jinsi kamusi ilivyozaa ndama.

Hapo Yoakimu alisimama. Tukubali kwamba alikuwa na akili ya haraka, hasa alipokuwa anajiokoa.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu mgeni. Ng'ombe hao ni wa wananchi. Majina ni yangu. Niliona katika kampeni hii ya elimu ya watu wazima, mkulima akijifunza neno moja la kigeni kila anapokamua, taifa litasonga mbele. Nikaanzisha kisomo cha zizini."

Ndugu Hilary alivua kofia. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata habari ya kupeleka wilayani. "Kisomo cha zizini!" alirudia. "Hili ni jambo la mfano. Basi mzee atuthibitishie tu, tumalize."

Macho yote yalimgeukia Akonaay. Huku kwetu neno la mzee likitoka mbele ya mkutano halirudishwi kinywani. Unaweza kumdanganya karani, maana karani anauliza ili aandike. Mkutano unauliza ili ukumbuke. Kila mtu pale, isipokuwa Hilary, alielewa mzee anaombwa kufanya nini. Na Yoakimu alielewa kuliko wote.

"Baba," alisema, akitazama ubao, "sema tu ukweli."

Mzee alijitoa kwenye dawati, kazi iliyohitaji kusaidiwa na watu wawili, akasimama.

"Ng'ombe ni wa nyumba anayolala," alisema. "Garulasi ni wa Natalia." Natalia aliziba mdomo kwa khanga. Mzee hakuishia hapo. Aliwataja wote, mmoja mmoja, na kila mmoja na nyumba yake, taratibu, kama mtu anayegawa mirathi akiwa bado anapumua. Melankoli. Intrepidi. Frugali. Obstineti. Mwisho akamgeukia Tomaso, mwenye kiti cha mbele. "Na Benevolenti, pamoja na wenzake watatu, ni wa Mwenyekiti."

"Mkutano umesikia?" Tomaso aliuliza, haraka kidogo.

"Umesikia," watu walijibu, polepole.

"Wanaomuunga mkono Mwalimu wanyooshe mikono." Na Tomaso akawa wa kwanza.

Mtihani ulifanyika mjini. Katika karatasi ya Kiingereza, Yoakimu alikutana na Benevolent mwenyewe, ameandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake maneno manne. Alisita. Alimkumbuka yule mwizi wa mahindi, akakaribia kuchagua neno la uchoyo, kisha akamkumbuka ndama yatima na kuchagua sawasawa. Kuanzia P alibahatisha. Alipita.

Kijijini mambo yalitengenezwa kimyakimya. Mavuno yalipokwisha, Natalia alikuja kwa Akonaay akimswaga ndama wa Garulasi.

"Mzee, huyu amepotea njia. Naona analala kwenu."

"Ahsante, mwanangu. Mwache alale."

Wengine nao ndama wao wakapotea njia. Waliona aibu kumla mzee kwa neno alilolazimishwa. Aliyebaki ni Tomaso. Mzee alimwendea mara ya kwanza kwa salamu tu, mara ya pili na asali, mara ya tatu na swali.

"Mzee wangu," Tomaso alijibu, kwa masikitiko makubwa, "mimi kama Tomaso ningekurudishia leo hii. Lakini ulisema mbele ya chama. Unataka ionekane chama kilisikia vibaya?"

"Si ulikuwa unajua?"

"Nilijua kama jirani. Kama mwenyekiti sikujua kitu."

"Mwanangu atarudi na elimu yake," mzee alisema. "Mtaongea lugha moja."

Yoakimu alirudi mwaka 1976. Chuoni alikuwa amesomea uendeshaji wa vyama vikuu vya ushirika, na mwaka aliohitimu vyama hivyo vikavunjwa. Pikipiki ikafa kabla ya kuzaliwa. Alipewa mkoba, na kazi ya kuzunguka vijijini kuwaeleza watu, kwa Kiswahili, faida za kushirikiana. Hakuna aliyemuuliza tena neno hata moja la Kiingereza, tangu siku ya mtihani.

Siku ya ziara yake kijijini alifikia kwa Mwenyekiti, kama utaratibu ulivyotaka. Wazazi wake walialikwa kumwona huko. Mke wa Tomaso alileta maziwa.

"Karibu, Bwana Ushirika. Ya Benevolenti hayo, wa kwetu."

Mzee Akonaay aliweka kikombe chini. Natalia, aliyekuja kusalimia, ndiye alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, sema neno moja basi. Umesoma. Ng'ombe wa baba yako hao."

Yoakimu alifuta midomo kwa kitambaa. Alimtazama Tomaso, ambaye ndiye angeandika taarifa ya ziara kwenda wilayani. Akalitazama doa dogo la wino kwenye mkoba wake. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo tangu enzi za darasa la pili.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu za mkutano," alisema, "suala hilo lilishakamilika."

"Lo!" alisema Natalia. "Hata Garulasi angesema la maana."

Philomena alichukua kikombe cha mume wake, kilichokuwa kimejaa bado, akamwekea mwanawe mbele. Naye akanywa. Alikunywa vyote viwili, akashukuru kwa adabu, na kuondoka na mkoba wake kabla jua halijawa kali.

Mzee Akonaay hakumlalamikia mtu. Alipata tu tabia mpya. Siku ambayo ng'ombe wa Tomaso walishuka kunywa maji, yeye alipanda kwenye kilima kilicho ng'ambo, akaweka viganja mdomoni na kuita: "Benevoleeentiii!" Jike jekundu, lililokwisha kuzeeka, liliinua kichwa kutoka kwenye maji, likageuka, likaanza kuvuka bonde bila kumsikiliza mchungaji, na wale wengine watatu wakalifuata. Iliwachukua watu wa Tomaso nusu siku kuwarudisha. Wiki iliyofuata, hivyohivyo.

Hatimaye Mwenyekiti alipanda mwenyewe, akihema.

"Mzee, umeita ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe?" Akonaay alishangaa. "Hapana, Mwenyekiti. Najisomea Kiingereza. Si ni kampeni yenu?"

Chini yao Benevolenti alikuwa anakuja, taratibu, akila kidogo njiani kwenye mahindi ya Mwenyekiti.

"Na mpaka leo," mzee aliongeza, "huyo ndiye peke yake niliyemsomesha anayekuja nikimwita."